Skonzi za Mama Mkwe

Niliwezaje kumhudumia mgonjwa kwa bidii namna ile, naye akashinda na njaa? Mama mkwe alikuja kwetu Somanda kutibiwa kisukari, nami, kwa kiburi cha msomi, nikamwokea skonzi za ngano isiyokobolewa. Kila sahani ilirudi tupu.

“Wabeja, mwanangu,” alishukuru.

Nikamwalika jirani ashuhudie ufundi wangu. Mama aliinuka kumsalimu, akapepesuka. Kanga aliyofunga kiunoni ikafunguka, skonzi zikatawanyika sakafuni.

“Mama, kumbe hukula?”

“Zina pumba, mwanangu. Kwetu hizo ni za ng’ombe, nami mgeni ningesemaje? Nimewatunzia hao ng’ombe.”

Jirani aliinamisha uso. Asubuhi nilimrudisha Mama kijijini Mwamapalala kwa wifi yangu, anayejua kumlisha.