Samaki mmoja, bidoni za watu wawili: jinsi "flip" yangu ilivyotaka kumpa mtu jina la mwizi hapa Rumonge

Wakuu, amahoro kutoka Rumonge, Burundi.

Ninachoandika hapa nilikiona kwa macho yangu, na sehemu yake niliifanya kwa mikono yangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nina chumba kidogo karibu na soko. Natoa kopi, nachapa kadi za harusi, nachora mabango. Lakini kazi inayoniletea wateja wengi ni alama za bidoni, yaani madumu ya mafuta.

Kwa wasiojua, huku ni nchi ya mawese. Asubuhi bidoni zinafika kwa baiskeli kutoka vilimani na kutoka Minago, zinakusanywa sehemu moja, lori linazipeleka Bujumbura. Zote ni za njano, na mafuta yote ni mekundu. Kwa hiyo kila mfanyabiashara ana alama yake ubavuni mwa bidoni, na wapakiaji wanatenga mafungu kwa kuangalia alama.

Mimi nachora umbo kwenye kompyuta, nalichapa, kisha nalikata kwa wembe kwenye filamu ya zamani ya eksirei. Ndiyo, zile picha za hospitali. Ni ngumu na haziharibiwi na rangi. Unaona mbavu za mtu, na katikati ya mbavu kuna tundu la samaki. Unaibandika kwenye bidoni, unapitisha rangi, unaitoa. Huku tunaiita pochoir.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Mama Zubeda ni mfanyabiashara mkubwa wa mawese, mama wa mtaa wa Waswahili, sauti yake inafika kabla yake. Alianza maisha kwa kuuza mukeke, yule samaki ambaye nyinyi wa Kigoma mnamwita mgebuka. Nikamchorea mukeke anayetazama kushoto. Alimpenda sana.

Baadaye akaja Nestori, baba yake Kezia. Huyu ni mrejea kama mimi, amekulia kambini Tanzania, ndiyo kwanza anajenga jina kwenye biashara. Naye akataka samaki, kwa sababu baba yake alikuwa mvuvi.

Siku hiyo umeme ulikuwa unakuja na kukatika. Nikafungua faili la Mama Zubeda, nikachagua lile umbo, nikabonyeza flip. Samaki akageuka, akatazama kulia. Nikahifadhi kwa jina jipya.

Kwenye skrini walikuwa samaki wawili tofauti kabisa. Mmoja kushoto, mwingine kulia. Nani angewachanganya?

Wakuu, miezi ikapita bila tatizo lolote.

Kisha asubuhi moja ya soko napigiwa simu na Selemani, mkubwa wa wapakiaji. "Fundi, kuja mbio. Huku iko mwizi, na wewe ndiyo shahidi."

Nilipofika, watu walikuwa wamefanya duara. Ndani yake Nestori, shati limeshavutwa, kifungo kimoja hakipo. Mbele yake Mama Zubeda, mkono kwenye bidoni moja yenye mdomo ulioungua.

"Hii bidoni mimi naijua kama mutoto wangu," anasema. "Iliungua kwa jiko langu mwenyewe! Leo iko na samaki ya Nestori. Samaki yangu imeenda wapi? Imeogelea?"

Watu wakacheka, lakini kile kicheko hakikuwa kizuri.

Nestori akajibu taratibu, "Mama, mimi sikushika bidoni yako. Wapakiaji ndio walioiweka kwenye fungu langu."

"Waliweka kwa sababu iko alama yako!"

Mtu nyuma akasema, "Hawa warejea, tumewapa nafasi ya kulala, sasa wanataka na mto."

Walioishi huku wanajua: neno mwizi likishasemwa mara ya tatu, hakuna anayengoja ushahidi. Na hata ukitoka salama, nani atapakia bidoni zako tena?

Selemani akanigeukia. "Fundi, sema mbele ya watu. Samaki ya kutazama kulia ni ya nani?"

Jibu la kweli lilikuwa: ya Nestori. Nilifungua mdomo kulisema. Nestori alikuwa ananitazama.

Sijui ni nini kilichonizuia, labda ni tabia yangu ya kutaka kuona kitu kabla ya kukisemea. Nikamwomba Mama Zubeda pochoir yake. Mfanyakazi wake akaitoa kwenye mfuko.

Ilikuwa na rangi pande zote mbili.

Nikauliza, "Kwa nini upande huu nao una rangi?"

Mfanyakazi akasema bila wasiwasi wowote, "Ule mwingine ulijaa uchafu, Fundi. Juzi tulipofuta alama za zamani na kupaka upya, nikageuza, nikatumia huu safi."



Nikaomba kipande cha boksi na rangi. Nikaweka filamu, nikapitisha brashi. Samaki akatazama kushoto. Nikaigeuza filamu ileile, nikapitisha tena. Samaki akatazama kulia.

Nikaliinua boksi ili wote waone. "Hii ni pochoir moja. Ya Mama Zubeda."

Selemani ndiye aliyesema kwanza. "Basi mwizi tumemupata! Ni Fundi! Ameiba samaki moja, ameuza mara mbili!"

Safari hii watu walicheka vizuri, na mimi nikacheka nao. Nestori alikaa juu ya bidoni.

Mama Zubeda alimwendea. Hakupunguza sauti, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu alikuwa amemshtaki kwa sauti ileile.

"Baba Kezia, nimekuita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu hawahawa nasema nimekosa. Unisamehe." Kisha kwa wapakiaji: "Munatazama nini? Pandisha za Nestori kwanza!"

Yule wa maneno ya mto sikumwona tena.

Mchana huohuo nilikaa na Nestori kwenye kompyuta. Uzuri wa umbo la kuchora ni kwamba si picha iliyoganda. Lina nukta pembeni. Ukivuta nukta, mstari unafuata. Nikajaribu kumpanua mkia, akabaki anafanana na wa Mama. Nikamwongezea jicho, nikakumbuka kwamba jicho likikatwa kwenye filamu linaanguka lote na kubaki shimo.

Mwishowe nikafuta yote. Nikachora nusu ya samaki aliyesimama wima, kichwa juu, kama unamwona kutoka mgongoni. Nikanakili ile nusu, nikaigeuza, nikaunganisha nusu mbili kuwa umbo moja. Pande zote sawasawa. Huyu hata ukigeuza filamu, bado ni yuleyule. Na samaki aliyelala, atazame kokote, ni wa Mama Zubeda.

Nestori aliigeuza filamu mpya mbele ya dirisha, upande huu, upande ule, upande huu tena. Akasema, "Sasa nitalala."

Nilichojifunza: umbo halimalizikii kwenye skrini. Kabla hujampa mtu kazi yake, jiulize itashikwa na nani, na akiishika kinyume itasema nini. Na ukiitwa shahidi, omba kwanza kukiona kitu.

Leo Nestori anapakia kama kawaida, hakuna anayemkagua. Kila nikiona samaki wake amesimama juu ya lori, moyo unatulia.

Mafundi wa mabango, fulana na alama mliomo humu, kazi yenu iliwahi kuwageuka mkononi mwa mteja? Mlijinasuaje? Nawasoma.