Damu Isiyoliwa

Kuna methali moja nikiisikia, mpaka leo nanyanyuka kwenye kikao nikaenda zangu: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Watoto wangu wananicheka, wanasema mama ana ugomvi na wahenga. Ni kweli ninao, na ulianzia Iringa miaka ya hamsini, mwaka ambao masika yalikata barabara kila mara na watu wakawa hawana kazi ila kukaa vibarazani na kusema.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Mimi mzaliwa wa Mbeya, wazazi wangu watu wa pwani waliofuata biashara huku bara. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mchele, leo Chimala kesho Iringa. Akanipangia chumba nyuma ya maduka ya Wahindi, ukuta mmoja na bibi wa Kizungu aliyekuwa fundi wa nguo. Ndiyo, Mzungu. Wazungu wenzake hawakumtembelea, wala yeye hakuwafuata. Aliletwa wakati wa vita pamoja na wakimbizi wa Kipolandi waliowekwa kambini nje ya mji. Kambi ilipofungwa wenzake wakatawanyika kwenda Ulaya na Marekani, yeye akabaki, kwa sababu hakuwa na wa kumwendea. Ndugu zake wote walikusanywa na kuuawa wakati wa vita ile, kosa lao kuzaliwa Wayahudi.

Aliponiambia yeye ni Myahudi nilimtazama juu mpaka chini. Mimi nilidhani Wayahudi waliishia kwenye msahafu, na Firauni wao. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Mbeya nikamnong'oneza, naye akashika mdomo: "Banii Israili? Wako hai? Tena anashona marinda!"

Akanifundisha kushona, na kwenye kushona tukawa tunaongea. Kiswahili chake alikiokota kambini na sokoni, lakini kilimtosha. Siku moja nikamuuliza, ninyi mnaamini nini hasa?

"Mungu mmoja. Hana sanamu, hana mwana, hana msaidizi."

"Basi ninyi ni kama sisi, Bibi."

"Ninyi ndio kama sisi," akasema huku anakata uzi kwa meno. "Sisi tulitangulia."

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Alikuwa na maneno, yule mama! Akanieleza kwamba yote yalianza na Ibrahim, yuleyule wetu, aliyeambiwa aache miungu ya baba yake. Wajukuu zake wakawa watumwa Misri, Musa akawatoa, na mlimani wakapewa Torati, ambayo ndiyo sheria yao mpaka leo. Wakajenga nyumba ya Mungu Yerusalemu. Ikachomwa. Wakajenga tena. Ikachomwa tena. Tangu hapo wametapakaa duniani, na popote walipofika walifika na kitabu na kalenda yao. Wanamngoja Masihi, na kwao bado hajaja.

Kwenye mwimo wa mlango alipigilia kijisanduku chembamba, na ndani yake kipande cha ngozi chenye maneno ya Torati. Akiingia anakigusa, kisha anabusu vidole. Majirani wakakiita hirizi. Ijumaa jua likikaribia kuzama aliwasha mishumaa, akafunika macho kwa viganja akaomba, na kuanzia hapo mpaka Jumamosi giza liingie hakushona, hakuwasha moto, hakushika fedha. Hata leso hakubeba mkononi akitoka nje, maana kubeba nacho ni kazi. Jumamosi asubuhi nilipika chai yangu nikaenda kukaa naye, tukatazamana tu. Akaniambia kitu kimoja tu ndicho kinachoweza kuivunja Sabato, nacho ni roho ya mtu. Kama mtu atakufa usipoivunja, basi ivunje, na ni dhambi kuacha kuivunja.

Nyuma ya mlango wake palikuwa na begi la ngozi, limefungwa tayari. Nikamuuliza, Bibi, una safari? Akajibu, "Sijui." Sikulipenda lile jibu.

Sasa njoo kwenye nyama. Bibi hakula nguruwe, na hakuchanganya nyama na maziwa hata kwenye sufuria moja. Sheria yao inataka mnyama achinjwe na mtu wao mwenye kisu kisicho na pengo hata dogo. Mtu huyo Iringa hakuwepo. Basi alinunua kwa mchinjaji wetu Mwislamu, akimwomba Mungu amsamehe. Lakini damu, alisema, damu haili hata dunia ipinduke. Damu ndiyo uhai, na uhai si wake. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi aliloweka nyama kwenye maji, akaipaka chumvi ya mawe pande zote, akailaza juu ya ubao ulioinamishwa, na chini akaweka beseni. Chumvi inavuta, damu inatiririka, beseni linajaa maji mekundu. Kisha anaisuuza mpaka inakuwa nyeupe. Mimi nilimwona mara ya kwanza nikasema kwa kejeli, Bibi, umebakiza nini humo, si kamba hiyo? Akanipiga na kitambaa.

Mwaka huo mume wangu akaja na habari kutoka Chimala. Madereva wanasema mumiani wameingia. Wasiojua mumiani ni nini, washukuru Mungu: ni watu waliosemwa wanakamata wenzao njiani, wanawaning'iniza na kuwakamua damu, damu inauzwa kuwa dawa ya Wazungu. Hakuna aliyewahi kuwaona, lakini kila mtu anamjua aliyewaona. Mume wangu aliisimulia akicheka, na mimi nikacheka. Wiki iliyofuata ilikuwa imeshafika Uyole na kurudi, na mumiani sasa wana gari. Kwenye vilabu vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, na masika ndiyo wakati wa ulanzi kujaa, ikawa ndiyo habari ya mjini. Watu wakaanza kurudi nyumbani mapema, na watoto hawakutumwa tena dukani peke yao.

Tulikuwa na jirani mmoja, mama wa Kihehe, Mkristo, mwenye mtoto wa kiume mtundu kama nyani. Si mtu mbaya, nasema wazi. Tulikuwa tunaazimana kila kitu. Ijumaa moja akaja kuazima chekeche kwa Bibi. Akapiga hodi kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene!", akaingia moja kwa moja mpaka uani. Nyama iko kwenye ubao, chumvi imegeuka nyekundu, beseni linadondokewa, tiki, tiki. Bibi mikono yake imelowa mpaka viwiko.

Yule mama aliliangalia beseni. Alirudi kinyumenyume. Chekeche hakuchukua.

Nikamfuata mbio. Nikamwambia, dada, ile ni nyama ya ng'ombe, anaitoa damu ili asiile, dini yao imekataza, kama sisi Waislamu. Akaniangalia kwa huruma, hilo ndilo lililoniudhi, akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Mtu asiyekula damu," akasema, "beseni la nini?"

Kabla sijafungua mdomo akaongeza ile methali. Lisemwalo lipo.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika polepole, bila kelele. Mteja mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Kisha mwingine. Wanawake wakipita mlangoni wanawavuta watoto upande wa pili wa barabara. Jiwe likatua juu ya bati mchana kweupe, na tulipotoka nje hapakuwa na mtu, ila milango yote imefungwa. Iringa ile, ambayo milango haifungwi mchana! Niliogopa, sikatai, na hofu yangu mimi hutoka kama matusi, nikaitukana barabara nzima.

Bibi hakutukana. Alikuwa anakanda unga wa mikate ya Pasaka yao, mikate isiyo na chachu, kwa sababu baba zao walitoka Misri mbio, unga haukupata wakati wa kuumuka. Akaniambia nikae.

"Baba yangu alikuwa mwoka mikate hii," akasema. "Nilikuwa msichana kama wewe. Kabla ya Pasaka mtoto wa jirani alipotea. Watu wakasema Wayahudi wamemchukua, wanataka damu yake watie kwenye mkate. Sisi! Ambao yai likiwa na tone la damu tunalitupa. Wamelisema hilo miaka mamia, binti, mji hadi mji. Wakaja dukani. Baba alitoka kuwaonyesha unga."

"Wakamfanya nini?"

Aliendelea kukanda. Mimi nikalia kwa sauti, yeye hakulia, na unga ukaendelea kugeuka mikononi mwake. Nilimuuliza kwa nini asiache tu kutia chumvi nyama, walau mpaka maneno yapoe. Akasema alishanyang'anywa kila kitu kingine, hiki hatakitoa mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata mume wangu aliondoka alfajiri na lori kwenda Chimala. Adhuhuri yule jirani akaanza kumwita mwanawe. Mwanzo kwa hasira, kama mama yeyote. Alasiri kwa sauti nyingine. Mpaka magharibi mtaa wote ulikuwa unamwita, na Bibi amewasha mishumaa yake, dirishani ikaonekana, na watu wakasimama kuitazama.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwake bila hata kunywa chai. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Hawakupiga kelele, na afadhali wangepiga. Walisimama tu na mapanga ya kufyekea, wengine na fimbo, kama wanaongoja mtu wa kwanza. Yule mama yuko mbele, khanga imemwanguka, hana habari.

Nikaingia ndani. Bibi amevaa koti. Akafika nyuma ya mlango, akainama, akalibeba lile begi.

Mwanamke asiyebeba leso siku ya Sabato, amebeba begi. Nikajua ameshapima, na ameona ni roho.

"Bibi, usitoke," nikasema. "Nitaongea nao mimi."

"Baba naye aliongea."

Nikatoka hata hivyo. Nikasimama mlangoni nimeshika miimo miwili, nikapayuka kama kichaa. Nikawaambia ingieni mpekue, nitawafungulia mpaka mvungu wa kitanda. Nikawaambia Waislamu waliokuwepo, ninyi mnajua damu ni haramu, mmekuwa mabubu? Wakatazama chini. Mzee mmoja akasema kwa upole kabisa, "Binti, toka mlangoni." Yule mama akanisogelea mpaka pumzi zetu zikakutana. "Nirudishie mwanangu," akasema, na alikuwa anasema kweli, aliamini kabisa. Jiwe likapita karibu na sikio langu likavunja kioo cha dirisha. Nyuma yangu nikamsikia Bibi anaomba kwa lugha yao, maneno ambayo nilishamsikia akiyasema kila siku, kwamba Mungu ni mmoja. Nikasema shahada yangu. Niliona tumekwisha.

Tukasikia honi. Mume wangu ana honi yake, ndefu, ya maringo, nimemgombeza mara ngapi. Lori likakata kona limejaa matope mpaka kioo, na ndani, pembeni ya dereva, amekaa yule mtoto, anakula muwa.

Alijificha chini ya turubai Ijumaa alfajiri, kuiona Chimala. Wakamgundua walipofika. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, lakini lori lilipita. Nimefikiria maisha yangu yote kama lingekwama saa moja zaidi.

Haya, ebu niambie, unadhani watu walifanya nini? Walicheka! Mtoto akachapwa makofi, akabusiwa, akachapwa tena. Mapanga yakageuka vyombo vya kufyekea. Yule mzee mpole akanipa mkono. Yule mama akaanguka miguuni pa Bibi akilia, na Bibi akamwinua akamfunga khanga yake vizuri. Mchana akaletewa kuku. Mimi nikamwambia, Bibi, weka begi chini sasa, yamekwisha.

Hakuliweka.

Aliondoka kwa lori letu Jumapili, na mimi nikamsindikiza. Njia nzima alitazama nje. Alikuwa anakwenda Rodesia, alisikia wako Wayahudi wenzake huko, hata wale kumi wanaohitajika kwa sala yao ya pamoja wanapatikana. Tulipofika Uyole, pale alipokuwa anangoja gari la kusini, nilimkasirikia. Nikamwambia unatuacha bure, mtoto si karudi? Akanishika shavu, akaniambia jambo ambalo siku ile ya unga hakunimalizia. Kisha akapanda gari.

Wiki haikuisha nilikuwa bombani nateka maji, yule jirani akaja na ndoo yake. Tukasalimiana. Akaniuliza rinda la mwanawe wa kike litamaliziwa na nani. Kisha akasema, na alikuwa anasikitika kwa dhati, "Lakini na yeye Bibi! Kwa nini aondoke, na mtoto karudi?"

"Hata kwao mtoto alirudi," nikamwambia.

"Mtoto gani?"

"Aliyesemwa wamemtia kwenye mkate. Alikuwa kwa shangazi yake, kijiji cha pili. Alirudi jioni ileile."

"Sasa si ndiyo heri?"

"Bibi alimwona akipita dirishani. Wakati huo maiti ya baba yake Bibi ilikuwa inaoshwa."

Hakusema tena lisemwalo lipo. Aliondoa ndoo yake kwenye bomba kabla haijajaa, akaenda zake.