Harusi Langoni mwa Hoteli

Juzi, nikipita Kerege, niliona bendera za mataifa zikifungwa kwenye nguzo kwa ajili ya mkutano mkubwa, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Alasiri ile, Bagamoyo, mama na wenzake wakaanga samaki waliandamana hadi hoteli ya ufukweni wakigonga makarai yao, nami nikiwafuata. Kanga zao zilinukia pweza na mafuta. Ndani mlikuwa na wageni wa mataifa. Nje, askari walikuwa wamefunga lango. Nikajua tu: hii ni harusi! Kwetu bwana harusi hafunguliwi mpaka atoe pesa ya kifungua mlango. Basi nikawapazia askari sauti, "Semeni, mnataka kifungua mlango gani?" Wanawake wakaangua kicheko, wakayadaka maneno yangu, wakayaimba mpaka askari mmoja akauma midomo asicheke. Nikapiga vigelegele hadi koo likakauka.

Lango halikufunguliwa. Nikamuuliza mama bibi harusi yuko wapi.

Leo najua kwamba mle ndani wenye makampuni walikuwa wakigawiwa ufukwe wetu. Mama aliutazama ukuta, akanijibu, "Yumo ndani, mwanangu. Wanamwoza bila kutuuliza wazazi."