Mke Mwenzangu wa Apple Valley

Sitasema kwamba tulipokewa vibaya. Tulipokewa kwa maua na makoti mazito, na mume wangu akavishwa mabuti yaliyomfanya atembee kama bata. Mwanangu ana nyumba kubwa huko Apple Valley, zulia kila chumba, wala hakuna mahali pa kwenda kwa miguu. Yeye yuko ofisini Minneapolis, mkewe yuko hospitali, na asubuhi nyumba inabaki na wazee wawili wanaotazamana. Tulichokingoja kutwa nzima ni mjukuu wetu wa kike arudi kutoka shule.

Mtoto huyo Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Sasa mzungumze nini? Babu yake akaingia kwa mlango anaoujua kila mtu wa Tanga: utani. Akamwita "mke wangu mdogo." Mimi nikawa mke mwenza, tena yule mwenye wivu. Nikimpelekea mzee chai, mtoto ananipokonya kikombe njiani. Nikimkatia mzee chapati, mtoto anashika kiuno, anamwonyesha babu yake kidole na kusema, "Wangu!" Hilo ndilo neno la Kiswahili alilolitamka bila kuona haya. Nami namjibu, "Mwizi wa waume wewe, ngoja nikakusemee kwa mama yako!" Anacheka mpaka anakaa chini. Mzee naye anajifanya amechoshwa na fujo za wake zake. Sikuwahi kumwona na furaha ile tangu astaafu.

Siku moja shuleni wakaambiwa wachore familia zao. Akamchora babu katikati, mimi kulia, yeye kushoto, akamweleza mwalimu kwamba hao ni mume na wake zake wawili. Mwanangu akaitwa. Akaenda, akaeleza kwamba kwetu babu na bibi hutaniana hivyo na wajukuu, nao wakamwelewa. Alituambia hayo kwa kinywa chake. Mwalimu alicheka, akasema ni mila nzuri.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mwanangu alizima televisheni, akasimama mbele ya baba yake bila hata kuvua viatu.

"Baba, hizi habari za mke wangu, mke wangu, ziishe leo. Na usikae na mtoto peke yenu. Kama Mama hayupo, mtoto aende chumbani kwake."

"Sawa, baba," mume wangu akasema, na hakuongeza neno.

Mimi niliongeza. "Wamekuelewa au hawajakuelewa?"

"Wameelewa, Mama. Lakini huku huwezi kuchukua risk. Leo mwalimu, kesho jirani. Wewe huijui hii nchi."

"Nakujua wewe. Bibi yako alikuita mume wake mpaka ukaota ndevu, na kichwa cha samaki hakikuliwa na mtu ila wewe. Alikudhuru nini?"

"Hiyo ilikuwa Tanga."

"Wageni wameelewa, wewe uliyetoka tumboni mwangu ndiye unayemshuku baba yako! Mwacha mila ni mtumwa."

Mkewe akaja na maneno ya "tusameheane, Mama." Nikamwambia simo.

Nasema wazi, nilimchukia mwanangu. Wala si kwa ajili ya mila. Nilimchukia kwa sababu mzee alitii. Mtoto akishuka sebuleni, yeye anapanda juu. Mtoto akimsogelea kwenye kochi, anainuka na kushika tasbihi. Awali alikuwa akimpokea kwenye basi la shule na kumbebea begi. Sasa alisimama nyuma ya dirisha, nikawa mimi wa kuteleza kwenye barafu. Siku moja mtoto alimletea chai mwenyewe, nusu imemwagika kwenye sahani. Mzee aliipokea huku anaangalia mlango, asije mwanawe akawaona. Mtu aliyelea watoto sita anaogopa kupokea kikombe!

Nikasema turudi kwetu. Mwanangu akanibembeleza kidogo, si sana.

Siku ya safari mume wangu alikaa mbele, mimi na mtoto nyuma. Tulipovuka mto, mtoto akanivuta mtandio. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama babu amempa talaka kwa kosa la kumwambia mwalimu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini hilo nililielewa. Mwanangu alikaza macho barabarani. Mume wangu aligeukia dirishani, akajifuta macho.

"Babu hajakuacha," nikamwambia. "Talaka yako kaiandika baba yako. Muulize yeye."

Akamuuliza. Tulipokuwa tunashusha mabegi uwanja wa ndege, alikuwa bado anamuuliza.