Fundi Rangi Asiye wa Idara Yoyote

Mzee alikuwa fundi rangi, mtu wa utani, aliyeweza kumchekesha hata mwenye nyumba aliyekuja kulalamika. Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia, mkewe, fundi cherehani, aliuzoea polepole: akiitwa dada aliitikia, akiitwa mama mkwe aliitikia pia. Kilichomshinda ni hofu. Mzee alianza kulia mchana kutwa, akidai ukutani kuna watu wanamsema.

Nafuu ililetwa na nesi wa afya ya akili, mwanamama mpole aliyewatembelea kila wiki. Hakumbishia mgonjwa. "Hao watu, baba, tuwapake rangi gani?" Mzee alifikiri, akajibu, na kilio kikakatika. Usingizi ukarudi nyumbani, na utani kidogo.

Kisha nesi akaacha kuja. Mke akafunika cherehani, akamfuata kliniki.

"Mama, nimehamishiwa wagonjwa wengine," nesi alisema, macho chini. "Sera mpya inasema fungu letu la fedha ni la wanaoweza kupona. Mzee anaumwa ubongo, mpeleke kliniki ya wazee."

Akampeleka. Daktari wa huko, kijana wa umri wa mwanawe, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kusahau ni kwetu, mama. Kulia na kuona watu ni mambo ya akili. Hatuna bajeti ya hayo."

"Sasa mwanangu, nimgawe? Kichwa nikuachie wewe, machozi niyarudishe kule?"

Daktari alitaka kucheka, akaona mama hatanii. Akaandika dawa ya kutuliza, maana ndiyo iliyokuwapo.

Dawa ilifanya kazi yake. Mzee hakulia tena, wala hakucheka. Alishinda kitini, kidevu kifuani, mate yakimchuruzika. "Afadhali sasa unapumzika," majirani walimwambia mke. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Asubuhi moja mzee alikwenda chooni akiwa bado amelewa dawa, akaanguka, akavunjika nyonga. Wadi ya mifupa ilimpokea bila maswali; mfupa una fungu lake. Humo kifua kikambana, akafa.

Nesi alikuja kutoa pole. Mke alimsogezea kiti, akakiondolea kitambaa alichokuwa akishona. Wakakaa. Nesi aliutazama ukuta ule wa mzee; mke akafunua cherehani, akaendelea kushona.