Televisheni Ndogo ya Filemon

Tangu tumzike Hilda pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, mumewe Filemon hakulia wala hakugombana na mtu. Alikamua ng'ombe, akakata majani ya migomba, akaitikia salamu. Mimi jirani yake nilishamchoka. Mtu unamtania, anakutazama tu.

Wanawe wa Dar walimtumia hela anunue televisheni bapa ya inchi hamsini na tano, wakija Krismasi wakute nyumba imechangamka. Nikashuka naye Moshi mjini. Sikujua kwamba mfukoni ana flashi yenye video ya mazishi.

Dukani binti aitwaye Brenda alituamkia, kisha akaanza kumwaga sifa: hii ni 4K, picha yake safi kuliko zote, ile ina intaneti, na inchi hupimwa kona kwa kona, siyo upana. Filemon akamkatiza.

"Ukichomeka flashi inaonyesha?"

"Inaonyesha, baba."

Akaichomeka kwenye ile kubwa. Ikatokea parokia yetu ya Kibosho, kwaya, jeneza wazi, watu wanapita kuaga. Filemon naye akapita, shingo imenyooka, macho ukutani. Hakumtazama mkewe. Tulijaa kanisa zima siku ile na hakuna aliyeliona hilo. Niliona aibu kwa kumchoka.

Kamera ikamsogelea Hilda. Uso wake ukawa viraka vitupu.

"Si umesema hii ndiyo safi?" Filemon aliuliza, sauti ileile ya kuulizia bei ya pumba.

"Televisheni ni safi, baba. Video ndiyo ilichukuliwa na kamera hafifu. 4K haiwezi kuongeza kitu ambacho kamera haikukiona. Na ukiikuza, ndiyo inazidi kuharibika."

Filemon akaonyesha kwa kidole rafu ya chini. "Jaribu ile."

Ilikuwa ya inchi ishirini na nne, ya kuwekwa chumbani. Uso ukajikusanya: nyusi, mdomo, kovu dogo juu ya jicho.

"Isimamishe hapo."

Alisimama akitazama mpaka Brenda akaenda kuhudumia wateja wengine, akarudi, akamkuta palepale. Hakulia hata hapo.

Krismasi ilipofika, Ronald, mwanawe mkubwa, aliingia sebuleni akashika kiuno.

"Baba, jamani! Tulisema hamsini na tano. Hapa mpira tutauonaje?"

"Ya mpira nunueni," Filemon alisema, akivuta kigoda karibu na skrini. "Kwenye hiyo yenu mama yenu haonekani."