Sindano Isiyouma

Mama hakunipa sindano mpaka nilipokuwa nimechora mchangani mwaka mzima. Alijaza mchanga mkavu kwenye sinia, akanipa kijiti cha ukuti, akaniambia nichore duara na kuligawa mafungu manane yaliyo sawa. Nilipomaliza alitazama, akalitikisa sinia, duara likapotea.

"Tena," alisema.

Hakuwa mtu wa kusifu. Nilikuwa na miaka kama kumi, mwanzo wa miaka ya hamsini, nasi tulikaa kijijini Jego, karibu na Vanga, mimi na yeye tu, kwani baba alikuwa amemwacha na kwenda kuoa Tanga.

Kazi yetu ilikuwa kofia za mkono. Kitambaa cheupe cha bafta hukunjwa mara mbili, ua likachorwa juu yake kwa penseli, kisha kila mstari ukashonwa, na vile vitundu vidogo vikatobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi wa hariri. Kofia moja huweza kula miezi miwili. Wanawake wa kushona walikuwapo wengi. Wa kuchora walikuwa wachache, na mama alikuwa mmoja wao. Hakupima kwa kitu. Ua lake aliliokota popote: kwenye uti wa samaki aliyekwisha kuliwa, kwenye alama ambazo mkeka huziacha shavuni mwa mtu aliyelala. Nilidhani watu wote huona hivyo.

Alasiri moja nilikuwa nimeketi ubavuni mwake, yeye akishona. Nikaona doa jekundu kwenye bafta.

"Mama, umejichoma."

Alitazama kidole chake. Sindano ilikuwa bado imo ndani, imezama karibu nusu, naye alikuwa akiendelea kuvuta uzi. Aliichomoa taratibu kama anayeitoa kwenye nguo. Hakusema "aa". Aliosha damu kwa ndimu, akaniambia, "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Baka alilokuwa nalo mgongoni, ambalo nilidhani ni la kuzaliwa, lilikuwa limeongezewa mengine mawili. Tangu siku hiyo yeye alichora tu, na mimi nikashona. Kazi nzuri kabisa niliyopata kuifanya maishani niliifanya miaka miwili iliyofuata, nikiwa na hofu kila mtu alipobisha hodi.

Tulifichuka kwenye harusi ya jirani. Akina mama walikuwa uani wakipika wali, na sufuria kubwa ikahitaji kuepuliwa. Mama aliishika kwa mikono mitupu, akatembea nayo hatua nne tano, akaitua. Wanawake wote wakarudi nyuma. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imebaki kwenye ukingo wa sufuria. Mama aliwatazama wao kwanza, halafu ndipo akaitazama mikono yake.

Jumamosi asubuhi nilikuta kofia zimetundikwa kwenye ua wetu wa makuti. Wenyewe walikuwa wamezirudisha bila kubisha hodi. Nilizijua zote, na nilijua kila moja ilikuwa ya kichwa gani. Mama alitoka, akaziangua, akazifua, akazianika. Zilipokauka mjomba alifika, akazitia moto zote pamoja na bafta iliyobaki.

"Dada," alisema, akiwa amesimama mbali, "kesho nakupeleka Msambweni, kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma. Kuna vidonge siku hizi. Watu wanapona."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakaa kwangu."

Kesho yake mama aliondoka, amepandishwa nyuma ya lori la nazi. Hakunishika. Aliniambia tu, "Usiuache mkono ukasahau."

Nyumbani kwa mjomba nilipewa sahani yangu na kata yangu ya maji, na kwa miezi mingi mkewe alinikagua mgongo kila Ijumaa. Hakuona kitu. Mjomba aliponiruhusu kushona tena, kofia aliziuza Vanga akisema ni kazi ya mkewe. Sikulalamika. Nilikuwa na bafta na uzi, na kona ya kukaa.

Lakini maua yalinikauka kichwani. Kulikuwa na mwanamke wa Vanga aliyekuwa na kaka yake kule kambini, akenda kumtazama kila baada ya miezi kadhaa. Siku moja aliniletea karatasi ya mfuko wa sukari. Mama alikuwa amechora. Yule mwanamke alisema vidole vyake vilikuwa vimejikunja, kwa hiyo alifungiwa penseli mkononi kwa kitambaa. Mstari ulitetemeka, lakini mafungu yalikuwa sawa.

Mjomba aliiona. "Karatasi ya kule haiingii nyumba hii," akasema, akaichana.

Zilizofuata nilizisoma kwa yule mwanamke. Nilikaa kwenye kiti chake nikilitazama ua mpaka nilimeze, nikaiacha karatasi hapo, nikarudi nyumbani kulichora juu ya bafta kabla halijanitoka.

Nilipofika miaka kumi na sita walikuja watu wa Diani kuniposa. Nilikuwa nyuma ya pazia nilipomsikia mjomba akisema, "Mama yake alikwisha kufa, Mungu amrehemu." Baadaye nilitolewa niwasalimie. Mama mtu mzima aliyekuwa mjumbe wao akanishika mkono.

"Pole, mwanangu, kwa msiba wa mama."

"Nishapoa," nikajibu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema jambo jingine. Sikulisema.

Nilikaa Diani miaka miwili kabla ya kwenda Msambweni. Mume wangu nilimwambia namtazama shangazi mgonjwa. Mama alikuwa amepona. Ugonjwa ulikuwa umemtoka, ila vidole havikurudi. Alikuwa na kibanda chake karibu na kambi, akilima mihogo. Nilimkuta akimenya, amebana kisu kati ya viganja viwili.

"Mumeo anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Anajua kwamba nipo?"

Nikainama kuokota maganda ya mihogo.

"Wamemwambia nini?"

"Kwamba umekufa."

"Nani kamwambia?"

"Mjomba."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilikubali, mama."

Alimaliza kumenya muhogo aliokuwa nao, akautia kwenye maji. "Ungekataa usingeolewa," akasema. "Lakini usije tena. Maiti huzuriwa kaburini, hazuriwi nyumbani."

Nililia. Yeye hakulia. Aliingia ndani akanitolea bunda la karatasi za sukari, miaka miwili yote ya maua, ambayo hakuwa na mtu wa kuniletea Diani. Sikurudi tena.

Maua hayo niliyashona nyumbani Diani, mtoto akiwa kifuani na chungu kikiwa motoni. Mume wangu aliyapenda. Aliponiuliza nimeyatoa wapi, nilimwambia kichwani mwangu. Kofia moja ilikuwa yake mwenyewe, akiivaa msikitini.

Habari ya kifo nilipewa kisimani na yule mwanamke wa Vanga, aliyekuwa amekuja Diani kwa harusi. "Mama yako tulimzika mwezi uliopita," alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu kulikuwa na watu. Nilijaza ndoo yangu. Nilikwenda nyumbani nikasonga sima. Wakwe walikula, wakaniuliza mbona macho mekundu, nikasingizia moshi. Siku tatu zote za matanga nilizikaa peke yangu, nikipika na kufagia.

Siku ya nne nilimwambia mume wangu kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alivua kofia ile, akaigeuza ndani nje, akatazama ilivyoshonwa.

"Wewe una baka lolote?"

"Sina."

"Mama yangu asijue," akasema.

Akaiweka kofia juu ya kabati, akatoka kichwa wazi. Hakuniacha, wala jambo lile hatukulizungumza tena. Karatasi zilizobaki nilizihamishia chini ya godoro, na Jumatatu nilikata bafta nyingine.